Mbwa Aogopaye Njia: Namna ya Kumtoa Uani Bila Kumburuta

Maneno ya hotuba ya ofisi ya uhusiano wa polisi na jamii kwa wakazi wa Karambi, Wilaya ya Kasese



Mmezoea kutuona tukija hapa na habari za wizi wa mbuzi, za njia za panya zinazovuka Mto Lhubiriha, na za wageni wapitao usiku bila kujulikana waendako. Leo tumekuja kuzungumza juu ya mbwa anayeogopa kutoka uani. Tunaona wengine wanatabasamu, na yumkini mmoja anamnong'oneza jirani yake kwamba matembezi ya mbwa ni mambo ya matajiri wa Kampala, wenye mbwa wa kuogeshwa kwa sabuni. Hatuna ugomvi na tabasamu hilo. Twaomba tu mtuvumilie kidogo, kwa maana jambo hili, likichunguzwa vema, lina uhai wa mtoto ndani yake.

Hapa Karambi mbwa hafugwi kwa mapambo. Humfuata mwenyewe kwenye kahawa na mihogo, huwafukuza nyani mahindini, hulala karibu na zizi la mbuzi, na hubweka mgeni akikaribia usiku. Mbwa asiyeweza kuvuka lango la ua hawezi kufanya nusu ya kazi hizo. Hata hivyo, iko safari moja iliyo muhimu kuliko zote, nayo ndiyo iliyotuleta mbele yenu: safari ya kutoka nyumbani hadi mahali pa chanjo.

SAFARI IOKOAYO UHAI

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao, dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, hauna tiba; mgonjwa hufa karibu kila mara. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na kwamba katika kila visa 100 vya binadamu, visa 99 chanzo chake ni mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa, wanne ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Wataalamu wanatueleza pia habari njema: mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka mbwa hadi mbwa, hatimaye ukazimika.

Sasa tazameni jinsi chanjo inavyotolewa vijijini. Aghalabu daktari wa mifugo huja mahali pamoja, shuleni au kwenye ofisi ya gombolola, na wenye mbwa ndio huwaleta. Si rahisi kwake kupanda kila kilima na kubisha kila mlango, ilhali dawa yake yapaswa kukaa kwenye baridi. Kwa hiyo anayechanjwa ni mbwa anayekubali kuongozwa kwa kamba. Yule anayejilaza chini na kutetemeka mara aonapo kamba hubaki nyumbani. Na kwa kuwa mbwa mwenye hofu, akibanwa, ni mwepesi wa kuuma, anayekosa chanjo mara nyingi huwa ndiye yule yule tunayepaswa kumhofia. Hapo hofu ya mbwa mmoja hugeuka kuwa jambo la kijiji kizima, na jambo la polisi.

Tena, sisi tunaoishi mpakani tuna sababu ya ziada. Kichaa cha mbwa hakiombi hati ya kusafiria. Mbwa hunywa maji ya Lhubiriha upande huu asubuhi, na jioni akawa upande wa ndugu zetu wa Kongo. Ngao yetu ni mbwa wetu wenyewe, wakiwa wamechanjwa.

HOFU YA MBWA NI KUMBUKUMBU

Mtu akimwona mbwa wake amekataa kutoka, husema: huyu ni mkaidi, au mvivu, au amerogwa. Kwa kawaida si lolote kati ya hayo. Wazee walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Mbwa naye ana ukuti wake. Huenda alipigwa mawe na watoto akipita njiani. Huenda boda boda ilimgonga. Huenda alisikia milio ya risasi, au radi ya Rwenzori ilipasuka juu yake akiwa mbali na nyumbani. Huenda pia hakutendwa ubaya wowote, ila alifungwa uani tangu utotoni. Mbwa hujifunza dunia hasa kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 ya maisha yake, na asichokutana nacho katika siku hizo, ukubwani hukiona kama adui.

Nguvu ya kumbukumbu ya namna hii ilionekana wazi mwaka 1924, Mto Neva ulipofurika katika mji wa Leningrad, nchini Urusi. Mwanasayansi Ivan Pavlov alikuwa na mbwa wa utafiti huko, na maji yaliingia katika vibanda vyao hata wakaokolewa kwa shida. Mbwa walipona, lakini baadhi yao hawakuwa tena walivyokuwa. Mafunzo ya muda mrefu yalikuwa yametoweka. Yaliporejea kwa subira, ilionekana kwamba maji machache tu yakitiririka chini ya mlango yalitosha kuirudisha hofu ile yote. Sisi wa Kasese, tunaoukumbuka Mto Nyamwamba wa Mei 2020, hatuhitaji kuelezwa jinsi sauti ya maji inavyoweza kumwamsha mtu usiku.

Mwaka huo huo wa 1924, huko Marekani, mwanasaikolojia Mary Cover Jones alichapisha habari za mtoto mdogo aliyeitwa Peter, ambaye aliogopa sungura. Hakumlazimisha kumshika. Alimpa chakula akipendacho huku sungura akiwa mbali, kisha kidogo kidogo sungura akasogezwa karibu, hadi mtoto akamgusa kwa hiari yake. Tangu wakati huo njia hiyo imetumiwa kwa watu na kwa wanyama, na ndiyo tutakayowaeleza leo. Msingi wake ni huu: hofu haiondolewi kwa nguvu, bali kwa umbali, chakula na marudio.

KABLA YA KAMBA, TAZAMA MWILI

Kwanza hakikisheni kwamba mbwa si mgonjwa. Mkague nyayo kama kuna miiba, funza au majeraha. Tazama kupe masikioni. Papasa shingo uone kama kamba ya zamani imemkata. Mbwa aliyekuwa akitembea vizuri na ghafla akakataa, au anayechechemea, aonwe na daktari wa mifugo kwanza. Hakuna mafunzo yatakayomfanya mbwa aupende mwiba.

Pili, jifunzeni lugha yake. Mbwa anayeogopa huficha mkia katikati ya miguu, hulaza masikio nyuma, hujishusha chini, huhema ingawa hakuna joto, hupiga miayo ingawa hana usingizi, na hujilamba midomo ingawa hakuna chakula. Weupe wa macho yake huonekana. Wengine hugandamana na ardhi kama jiwe. Mtu asiyezijua dalili hizi huendelea kuvuta hadi mbwa anguruma. Mngurumo nao msiuadhibu, kwa kuwa ni onyo. Mbwa aliyepigwa kwa kuonya hujifunza kuuma bila kuonya.

HATUA ZENYEWE

Tuchukue mfano. Tuseme katika nyumba moja ya kilimani yupo mbwa aitwaye Simba, mwenye miaka miwili, ambaye hajawahi kupita lango bila kuburutwa. Siku ya chanjo haiko mbali. Mwenyewe afanyeje?

Kwa siku chache za mwanzo asimtoe kabisa. Hofu nayo huhitaji kupumzishwa, kama mguu ulioteguka. Katika siku hizo Simba apewe mahali pake pa usalama, penye kivuli na maji, ambapo mtoto hamsumbui wala kuku hamwibii chakula.

Kisha unakuja mkanda wa shingoni. Uwe mpana na laini, wala usiwe waya au kamba nyembamba ya nailoni inayokaza koo. Uwekwe chini karibu na chakula chake, aunuse, ale. Siku nyingine avishwe anapoanza kula na avuliwe amalizapo. Mkanda upime hivi: vidole viwili vipite kati yake na shingo. Akiwa hajali tena mkanda, fungeni kamba na kumwacha aiburute mwenyewe uani kwa dakika chache, mtu mzima akimwangalia isije ikanasa kwenye mti. Mtu ashike ncha ya kamba baada ya hapo tu, na ailegeze. Kamba iliyokazwa humwambia mbwa kwamba hata mshikaji anaogopa.

Sasa wafike langoni. Wasitoke. Waketi hapo wakitazama nje, na Simba apewe vipande vidogo vya kitu anachokipenda kuliko chakula cha kila siku: samaki mkavu asiye na chumvi nyingi, au ini lililochemshwa. Kipande kiwe kama punje ya hindi, maana vitahitajika vingi. Msimpe mifupa iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka na kumchoma tumboni.

Chakula hicho kina kazi mbili. Ni ujira, na pia ni kipimo. Mbwa mwenye hofu kubwa hali. Mkimpa samaki akageuza uso, jueni mmekwisha kwenda mbali mno. Rudini nyuma hatua kadhaa hadi aweze kula tena. Hapo alipoweza kula ndipo darasa lake la leo lilipo, hata ikiwa ni mita mbili kutoka mlangoni.

Siku inayofuata wapite lango hatua tano na kurudi. Kesho kutwa ziwe kumi. Dakika tano zatosha, mara mbili kwa siku. Kanuni kubwa ni kugeuka na kurudi nyumbani wakati Simba bado ametulia, kabla yeye hajaomba kurudi. Mbwa hukumbuka mwisho wa safari. Safari iliyoishia kwa utulivu humwita tena. Iliyoishia kwa kukimbia humthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kila hatua ni punje.

Kuhusu kitu maalumu anachokiogopa, tuseme boda boda, tafuteni mahali palipo mbali kiasi kwamba anaiona na bado anakula. Kwa mbwa mmoja ni mita 20, kwa mwingine ni mita 100 juu ya kilima. Hapo zingatieni mpangilio: kwanza boda boda ionekane, ndipo kipande cha samaki kitoke mfukoni, boda boda ikipita, samaki ikome. Baada ya siku kadhaa Simba ataisikia pikipiki na kumgeukia mwenyewe, akitazama mfuko. Hiyo ndiyo ishara ya ushindi, na siku hiyo mnaweza kusogea karibu kidogo. Mkiugeuza mpangilio, mkampa samaki kwanza na kumpeleka penye pikipiki baadaye, atajifunza kwamba samaki ni mtego, na ataanza kumkimbia hata samaki.

Chagueni saa na njia. Siku ya soko, malori yanapojipanga kuelekea Mpondwe, si siku ya kumfundisha mbwa mwoga kandokando ya barabara kuu. Tumieni njia ya shambani asubuhi, jua likiwa limekwisha kuchomoza. Kama jirani ana mbwa mtulivu, na wawili hao wanapatana, atembee mbele. Mbwa hujifunza pia kwa mbwa mwenzake. Na anayemshika Simba awe mtu mmoja au wawili wa nyumbani, wanaotumia neno lile lile kila siku, iwe ni Lhukonzo au Kiswahili. Mbwa hajali lugha. Anajali kwamba neno la leo ni neno la jana.

Akishtuka njiani, msimburute, msimpige, wala msimcheke. Simameni. Ongeeni naye kwa sauti ya chini, mpeni nafasi, kisha ondokeni polepole upande aliotokea. Wapo wasemao kwamba ukimtuliza mbwa mwenye hofu unamfundisha kuogopa. Si kweli. Hofu haiongezeki kwa kufarijiwa, kama vile maumivu ya mtoto hayaongezeki kwa kubebwa na mama yake.

Yatakuwapo marudi nyuma. Radi moja usiku yaweza kuyabomoa ya wiki mbili. Ikitokea hivyo, rudini langoni mkaanze tena. Mara ya pili huwa fupi kuliko ya kwanza. Hesabuni kwa wiki na miezi. Na wapo mbwa wachache ambao hawatakuwa wasafiri kamwe. Hao nao wana haki ya kuishi na kulinda ua, na mwenyewe atoe taarifa mapema kwa ofisi ya mifugo, ili siku ya chanjo uangaliwe utaratibu wa kuwafikia.

SIKU YA CHANJO ISIWE SIKU YA KWANZA

Tunaomba jambo hili lishikwe na kila nyumba. Mbwa ambaye kamba huiona mara moja kwa mwaka, na kila aionapo huishia kwenye sindano, atakuwa na akili akiikimbia. Kwa hiyo, wiki kadhaa kabla, mpelekeni mahali pa chanjo pakiwa patupu. Anuse, ale samaki wake, arudi. Mshikeni mwili wote nyumbani, masikio, miguu na mapaja, ili mkono wa daktari usiwe mkono wa kwanza kumgusa. Siku yenyewe ikifika, fikeni mapema, simameni mbali na kundi, na mbwa aongozwe na mtu mzima. Tusiwape watoto wadogo kamba ya mbwa mwenye hofu. Watoto wa mbwa nao waletwe, daktari ataamua lini wachanjwe. Mkisharudi nyumbani, safari za kawaida ziendelee kesho yake, ili sindano iwe siku moja kati ya siku nyingi njema.

Ikiwa pamoja na hayo yote mtu ameumwa na mbwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Pilipili, majivu na mizizi visiwekwe. Mbwa asiuawe kwa hasira; kama inawezekana bila hatari, afungiwe mahali salama, na daktari wa mifugo amwangalie kwa siku 10, kwa kuwa hali yake katika siku hizo huwasaidia waganga kuamua. Na wale wanaotumia rungu au sumu kummaliza mbwa mwoga wakumbuke kwamba Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na kwamba sumu iliyotupwa kwa mbwa yaweza kuokotwa na mtoto.

HOFU NYINGINE NI HABARI

Hadi hapa tumesema juu ya hofu iliyo kumbukumbu. Ipo hofu ya aina ya pili, na wakazi wa mpakani hawana budi kuitofautisha na ya kwanza. Mbwa aliyezoea njia fulani kwa miezi, asiyekuwa na kilema wala historia ya woga hapo, leo amesimama ghafla, nywele za mgongo zimemsimama, anatazama kichaka kimoja na hataki kusonga. Huyo msimfundishe kitu. Rudini naye mlikotoka. Yaweza kuwa chatu, yaweza kuwa chui, yaweza kuwa mtu aliyejificha. Mkifika mahali salama, mpeni habari Mwenyekiti wa LC I au kituo cha polisi kilicho karibu: mahali, saa, na mlichokiona au kukisikia. Hatutamcheka mtu aliyekuja kutuambia kwamba mbwa wake amekataa njia.

Kwa sababu hiyo hiyo, mazoezi haya yafanyike mchana. Msiende kumtembeza mbwa gizani kandokando ya mto, wala msimvushe kwa njia za panya. Anayevuka na mbwa apite mpaka rasmi wa Mpondwe, akiwa na cheti cha chanjo na hati za daktari wa mifugo.

Mtatuuliza kama mbwa wa polisi hawana hofu. Wanazo. Mbwa wa polisi naye huzoeshwa magari, umati na kelele hatua kwa hatua, akiwa na mlezi wake, kwa maana mbwa anayetetemeka hawezi kunusa; akili yake yote iko kwenye kukimbia. Ndiyo maana, tunapoitwa penye wizi na kuleta mbwa, huwaomba msisongamane wala kukanyaga mahali mwizi alipopita. Utulivu wenu ni sehemu ya kazi yake.

NA SISI WATU

Hatuwezi kumaliza bila kusema neno juu ya hofu ya watu, ijapokuwa twalisema kwa uangalifu, kwa maana machungu ya binadamu hayafananishwi na ya mnyama. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 washambuliaji wa ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, jirani zetu hapa, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Wamo kati yetu waliowazika watoto wao. Wamo watoto ambao, baada ya usiku ule, njia ya shule haikuwa tena njia ile ile. Mtoto asiyetaka kutoka nyumbani asiitwe mwoga, wala asiburutwe. Asindikizwe, asikilizwe, na mzazi azungumze na mwalimu na kituo cha afya, ili aonwe na mshauri.

Kaskazini mwa nchi yetu, huko Gulu, watu waliotoka katika vita virefu wamelijaribu jambo ambalo laweza kutufaa. Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho utotoni kwa kilipuzi kilichokuwa kimefukiwa shambani, na ambaye shuleni mbwa walimsaidia kuipata njia usiku, alianzisha mradi unaowakutanisha watu wenye majeraha ya vita na mbwa, wengi wao waliokuwa wametelekezwa. Mtu hufundishwa kumlisha mbwa, kumzoesha na kutembea naye. Anayemwongoza kiumbe mwenye hofu kutoka langoni hana budi kutoka yeye mwenyewe kwanza, kila siku, kwa hatua chache, akipumua taratibu. Hatusemi kwamba mbwa ni dawa ya kila jeraha. Twasema kwamba familia iliyojifunza kumngoja mbwa wake imejifunza pia namna ya kumngoja mtoto wake.

Ndugu wananchi, tunaomba mambo matatu. Kila mwenye mbwa aanze wiki hii, kwa mkanda laini na punje za samaki, hata kama ataishia langoni. Kila mzazi na kila mwalimu awakataze watoto kuwarushia mbwa mawe, kwa kuwa jiwe la leo ndilo hofu ya mwaka ujao, na meno ya mwaka unaoufuata. Na kila kijiji kiwe na orodha ya mbwa wake, waliochanjwa na wasiochanjwa, ikae kwa Mwenyekiti wa LC I, ili siku ofisi ya mifugo ya gombolola itakapotangaza chanjo tujue nani bado.

Mashirika ya afya ya dunia yameuweka mwaka 2030 kuwa lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kilicholetwa na mbwa. Lengo hilo halitafikiwa Geneva, bali katika milango kama yetu, mbwa mmoja akikubali kutoka. Ofisi yetu iko wazi kwa mwenye swali, na baada ya mkutano huu tutabaki hapa kuwaonyesha wanaotaka namna ya kuupima mkanda.